Mgombea udiwani anakuja Jumapili: wazazi tunaofanya kazi tumwambie nini?

Kutoka: Katibu wa kikundi, Reading, Uingereza
Jumanne, 7 Aprili 2026

Wapendwa, poleni na hongereni kwa Pasaka.

Jumamosi kijana anayegombea udiwani kwenye kata yetu aligonga mlango wangu. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, mtoto mgongoni, macho mazito. Akaniuliza swali moja tu: familia ambazo baba na mama wote wanafanya kazi zinabanwa na nini zaidi hapa mjini? Nikabaki namtazama. Nimeishi hapa miaka tisa, nimelalamika miaka tisa, na siku niliyoulizwa sikuwa na jibu lililopangika. Nikamwomba aje Jumapili tarehe 12 baada ya ibada, kwenye ukumbi wetu. Amekubali kukaa nasi nusu saa.

Naomba nusu saa hiyo tusiipoteze. Nyumbani diwani tunamjua, tunajua pa kumbana: zahanati, kisima, barabara ya mtaa. Huku wengi wetu tunawaomba madiwani vitu visivyo mikononi mwao. Ada za viza ni za serikali kuu. Foleni ya daktari ni ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Halmashauri ya Reading ndiyo yenye shule na nafasi za watoto, utunzaji wa wazee, nyumba, taka, maktaba, barabara za mitaa, na hata mabasi, maana kampuni ya mabasi ya mji huu ni mali ya halmashauri. Madiwani ni 48, watatu kwa kila kata.

Uchaguzi ni Alhamisi tarehe 7 Mei. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenye kibali halali cha kuishi hapa wana haki ya kupiga kura kwa sababu nchi zetu zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Si lazima uwe na pasipoti ya Uingereza. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 20 Aprili. Wa Earley na Woodley, tafadhali, ninyi mko chini ya Wokingham hata kama barua zenu zinaandikwa Reading, na wa Calcot mko West Berkshire. Njooni Jumapili, ila mjue diwani wenu ni mwingine.

Andikeni hapa yanayowabana, nitayapanga.

---

Kutoka: Mama wa watoto watatu, Oxford Road
Jumanne, 7 Aprili 2026

Asante sana Katibu. Langu ni saa.

Shifti ya hospitali inaanza saa moja na nusu asubuhi. Chekechea ya mdogo wangu inafungua saa mbili. Shule ya wakubwa inaanza saa tatu kasorobo. Mume wangu yuko ghalani na zamu zake zinabadilika kila wiki. Basi kila Jumapili usiku tunakaa mezani na karatasi mbili za zamu tukitafuta nani atakuwa wapi, kama watu wanaopanga safari ya meli. Kuna asubuhi nimemwacha mtoto kwa jirani ambaye hata jina lake la pili silijui. Nilifanya kazi siku hiyo huku tumbo linaniuma kwa wasiwasi.

Serikali ilizipa halmashauri fedha za kuanzisha huduma za kabla na baada ya shule, lengo likiwa mzazi wa mtoto wa shule ya msingi apate mahali pa kumwacha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Hilo ni jema kwa mtu wa ofisini, lakini haligusi muuguzi, mpishi, dereva wala mfagiaji. Nataka aulizwe: je, yuko tayari kusukuma wapatikane walezi waliosajiliwa wanaopokea watoto kuanzia saa kumi na mbili na nusu? Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006 inaitaka halmashauri ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba malezi yanawatosha wazazi wanaofanya kazi. Nasi tunaoingia alfajiri tunafanya kazi.

---

Kutoka: Mwalimu wa chekechea, Tilehurst
Jumatano, 8 Aprili 2026

Dada wa Oxford Road, pole sana. Naongeza jambo kuhusu zile saa 30 za malezi ya bure, kwa sababu kila mwezi ninaona wazazi wetu wakirudishwa mlangoni.

Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanapata saa 30 kwa wiki kwa mtoto wa kuanzia miezi tisa, wiki 38 kwa mwaka. Lakini kama baba na mama wote viza zao zimeandikwa kwamba hawaruhusiwi fedha za umma, yaani misaada ya serikali, hawapati. Mmoja wenu akiwa na ukaazi wa kudumu au uraia, mnaweza kuomba. Na zile saa 15 za mtoto wa miaka mitatu na minne ni za watoto wote, viza iwe ya aina gani. Msiziache.

Vivyo hivyo chakula cha bure shuleni: familia zisizoruhusiwa fedha za umma zinaweza kukipata ikiwa kipato chao ni cha chini. Ulizeni shule. Na mtoto anayekipata anaweza kuingia kwenye michezo na chakula cha likizo kinachosimamiwa na halmashauri, wiki nne za kiangazi, moja ya Pasaka na moja ya Krismasi. Mgombea nitamwomba jambo moja dogo: taarifa hizi ziandikwe kwa lugha tunazozisoma, zibandikwe tunapopita. Nimeona watoto wakikosa kwa sababu tu mama hakujua.

---

Kutoka: Mtunza wazee
Jumatano, 8 Aprili 2026, usiku

Shikamooni wakubwa zangu. Naandika kwa simu nikiwa garini, nasubiri saa ya bibi anayefuata. Nimesoma yote na nimeshukuru, lakini sijaona aliyegusa kazi inayolisha nusu ya watu wa kikundi hiki, sisi tunaoingia majumbani kutunza wazee.

Niwasimulie jana. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikarudi saa nne usiku. Nilihudumia nyumba 12, nusu saa kila nyumba. Kumwamsha mtu, kumwogesha, kumbadilisha, dawa, chai, kumrudisha kwenye kiti. Ukiingia unabonyeza simu, ukitoka unabonyeza, na zinazolipwa ni dakika za ndani ya nyumba tu. Hizo ni saa sita. Kati ya nyumba na nyumba ni dakika 15 hivi, safari 11, jumla saa mbili na dakika 45 ambazo kwenye hati ya mshahara hazionekani. Wakala wangu, yaani kampuni iliyoniajiri, ambaye hayuko mji huu, analipa pauni 14 kwa saa, na mtu akisikia anaona ni nzuri, maana kima cha chini tangu tarehe 1 Aprili ni pauni 12.71. Lakini chukueni pauni 84 mzigawe kwa saa nane na dakika 45. Mtapata pauni 9.60. Na sheria ya kima cha chini inasema safari kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi. Petroli sijaitaja, wala zile saa za katikati ya siku ninazolala kwenye kiti cha gari kwa sababu kurudi nyumbani ni kumaliza mafuta.

Mwanangu ana miaka saba. Jana nilimwona dakika 20.

Sasa kwa nini nayasema haya kwa mgombea udiwani? Kwa sababu wazee wengi ninaowahudumia wanalipiwa na halmashauri. Halmashauri ndiyo inayompima mzee, inanunua saa za huduma, inaandika mkataba na wakala na kukubali bei. Bei ikiwa ndogo, wakala anakata kwetu. Bei ikiwa nzuri na mkataba haumlazimishi kulipa safari, anakata kwetu vilevile. Sheria ya Utunzaji ya 2014 imeipa halmashauri jukumu juu ya soko hilo, kwa hiyo haiwezi kusema hayo ni ya wakala na wafanyakazi wake. UNISON, chama cha wafanyakazi, kilitoa mwaka 2012 hati ya maadili ya utunzaji ambayo halmashauri husaini: safari zilipwe, ziara za dakika 15 ziishe, watu wasifungwe kwenye mikataba isiyo na saa za uhakika. Islington na Southwark zilikuwa miongoni mwa za mwanzo.

Mtasema kwa nini silalamiki kwa wakala. Kwa sababu ndiye anayeshikilia viza yangu. Akiniacha, kwa kawaida nina siku 60 kupata mwingine au niondoke. Wenzangu waliokuja baada ya Machi 2024 hata watoto hawakuruhusiwa kuja nao, wanawatunza wazazi wa watu huku watoto wao wanalelewa na bibi Tabora au Kisii. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama peke yake mbele ya meneja. Diwani anaweza kuuliza bila kutaja jina la mtu. Ndilo ninaloomba, aulize.

Bibi yangu amewasha taa. Naingia.

---

Kutoka: Mzee wa Whitley
Alhamisi, 9 Aprili 2026

Marahaba binti yangu. Nimesoma barua yako mara mbili. Katibu, hili liwe la kwanza Jumapili, na dakika 15 ziwe zake.

Langu ni fupi. Anayeishi mtu mzima mmoja tu na watoto walio chini ya miaka 18, aombe punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri. Hilo halihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo haligusi viza. Nimekutana na kina mama watatu waliokuwa wakilipa kamili kwa hofu.

Na kitambulisho cha kura: pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda inakubaliwa kituoni, hata iliyokwisha muda, mradi sura ni yako. Viza ya kwenye simu haikubaliwi. Asiye na kitambulisho chochote cha picha aombe cheti cha mpiga kura, ni bure, mwisho tarehe 28 Aprili saa kumi na moja jioni.

---

Kutoka: Ndugu wa Bukavu
Alhamisi, 9 Aprili 2026

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, bado sijapata uraia, kwa hiyo hapa sina kura. Na wenzetu wa Burundi ni hivyo hivyo. Mdogo wangu anaishi Glasgow kwa kibali kama changu, naye anapiga kura za halmashauri, kwa sababu Scotland imeruhusu wageni wote wenye kibali. Nilikuwa nimeamua kutokuja. Lakini watoto wangu wanne wanasoma shule za mji huu na kodi ya halmashauri ninalipa kila mwezi. Nitakuja, nitakaa mbele. Diwani akishinda atakuwa diwani wangu pia.

---

Kutoka: Katibu wa kikundi
Jumatatu, 13 Aprili 2026

Wapendwa, tulikuwa 41 na nusu saa iligeuka saa moja na nusu. Asanteni kwa chapati.

Kuhusu walezi wa alfajiri, mgombea aliandika na kuomba idadi kamili: wazazi wangapi, saa ngapi, mtaa gani. Hiyo ni kazi yetu, nami nitatuma fomu kesho. Kuhusu maegesho ya magari barabarani kwangu alikataa kuahidi chochote, na kwa kweli hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Mtunza wazee wetu aliposimama na hesabu yake ya pauni 9.60, ukumbi ulinyamaza. Kijana alikiri mbele yetu kwamba karatasi yake ya vipaumbele ina mstari mmoja tu kuhusu utunzaji, nao unahusu wazee, haumtaji anayewatunza. Alisema yeye atakuwa mmoja kati ya 48 na hawezi kuahidi mshahara wa mtu. Alichoahidi ni kupeleka swali la maandishi: mikataba ya halmashauri inasema nini kuhusu muda wa safari, na nani anakagua hati za mishahara. Nimeandika maneno yake na tarehe. Wagombea wengine wa kata yetu nao nimewapelekea swali hilohilo kwa barua, ili tupime wote kwa kipimo kimoja.

---

Kutoka: Mtunza wazee
Jumatatu, 13 Aprili 2026, usiku

Nimejiandikisha sasa hivi, dakika tano hazikufika. Wanataka anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya NI, ile ya bima ya taifa. Lakini naona vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Mimi wakati wa kufungua nakuwa nimeshaondoka, na wakati wa kufunga ndiyo narudi. Nifanyeje?

---

Kutoka: Mzee wa Whitley
Jumanne, 14 Aprili 2026

Omba kura ya posta, binti yangu. Mwisho ni tarehe 21 Aprili saa kumi na moja jioni, unaomba kwa intaneti kwa namba hiyohiyo ya NI na picha ya sahihi yako. Jumamosi mke wangu atakuja kukaa na mtoto mchana, mimi nitakaa nawe tuijaze.