Mabuti ya baridi yanayopoa kwa ndani

Muulizaji, Likoni: Assalaam alaykum. Natarajia kupanda Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985. Nilipoyajaribu mabuti yangu ya mtumba ya Kongowea katika chumba cha barafu cha samaki, mbona miguu ilikufa ganzi ilhali maji hayakuingia?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hilo ni jasho. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia baina ya nyuzi, na maji yakishika nafasi yake hupitisha joto takriban mara 25 zaidi. Au uliyavaa tangu nyumbani, katika joto letu hili?

Muulizaji: Tangu feri, tena kwa soksi za pamba.

Jibu: Basi ulifika umelowa! Pamba hunywa jasho ikakaa nalo. Vaa sufu, na usiku toa soli za ndani zikauke.