PostgreSQL imeng'ang'ania Python ya zamani, naihamishaje?

KahawaData (Moshi): Wakuu, habari za jioni. Natunza kanzidata ya chama cha msingi cha kahawa: kilo za kila mkulima, malipo ya awali na ya pili. Seva ni Ubuntu 22.04, kanzidata inaendeshwa na PostgreSQL 14. Nimeandika fanksheni ya plpython3u (yaani Python inayoendeshwa ndani ya kanzidata) inayotumia pandas, maktaba ya Python ya kuchambua majedwali. Python 3.13 nimeiweka kando, pandas imo, na kwenye terminali inakubali. Ndani ya kanzidata inagoma, eti pandas haipo. Naiambiaje seva itumie 3.13? Malipo ya pili ni wiki ijayo.

FundiSakina: Pole mkuu. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Python ilichaguliwa siku kifurushi kilipojengwa: plpython3.so (faili inayoleta Python ndani ya PostgreSQL) imeunganishwa na maktaba ya toleo moja, kwa Ubuntu yako ni 3.10. Ukibadilisha PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) ni kazi bure. Hakikisha:

`DO $$import sys; plpy.notice(sys.version)$$ LANGUAGE plpython3u;`

Njiro_Tek: Na usije ukaelekeza PYTHONPATH (orodha ya folda ambamo Python hutafuta maktaba) kwenye folda ya 3.13! Mimi nilipoteza siku nzima. Pandas inategemea numpy, maktaba ya hesabu, na numpy ina vipande vya C vilivyojengwa kwa toleo lake tu. Ukivilisha 3.10 vinakataa, na kosa linalotokea halikuelezi chanzo.

KahawaData: Kweli, imetoa 3.10. Nikijenga PostgreSQL upya je?

FundiSakina: Inawezekana. Unaipa configure (skripti ya kuandaa ujenzi) `--with-python` na `PYTHON=/usr/local/bin/python3.13`, ila hiyo 3.13 nayo iwe ilijengwa kwa `--enable-shared`, ili maktaba yake iweze kutumiwa na programu nyingine. Tangu hapo kila sasisho la usalama unalijenga mwenyewe. Wiki ya malipo usithubutu. Fanya `apt install python3-pandas`, inaingia kwenye 3.10 moja kwa moja. Ukitumia pip (kisakinishi cha Python) kwenye folda yako ya nyumbani, mtumiaji postgres, anayeendesha seva, hataweza kuisoma.

MamaTakwimu: Kaka, kilo mara bei kutoa malipo ya awali, pandas ya nini? SUM na GROUP BY za SQL zinatosha. Hizo ni hela za watu: numeric (namba kamili za kanzidata) ikifika plpython inakuwa Decimal, yaani desimali sahihi, ukiigeuza float (namba za kukadiria) kwenye pandas hesabu zinaanza kupishana kwa senti. Tena ile "u" mwishoni maana yake fanksheni inaweza kugusa faili zozote ambazo postgres anaruhusiwa kuzigusa.

KahawaData: Asanteni sana. Apt imekubali, fanksheni inaendeshwa. Dada, malipo nayahamishia SQL usiku huu, pandas ibaki kwenye ripoti tu. Kesho nalinganisha na daftari la karani, mkulima kwa mkulima.