Mjadala: Nani hasa aliyeiinua pawa popu, The Nerves au The Knack?

Wakuu, salaam. Naileta hoja hii mezani kwa sababu kila pawa popu inapotajwa, jibu liko tayari mdomoni: The Knack, bendi ya wimbo My Sharona, 1979, kwisha habari. Ukiwataja The Nerves unaambiwa bendi iliyodumu miaka michache tu, ikaacha santuri moja ndogo yenye nyimbo 4, haiwezi kuitwa chanzo cha chochote. Mimi nakataa.

Kwa asiyeujua muziki huu: ni roki yenye gitaa za kunguruma, lakini sauti za waimbaji ni tamu na zinapangana, kiitikio unakishika mara ya kwanza tu, na wimbo hauchoshi, dakika 2 au 3 umekwisha. Jina lenyewe Pete Townshend wa The Who alilitumia tangu 1967 kuelezea kazi ya bendi yake. Mwaka 1972 bendi ya Raspberries ilishatamba nao, na bendi ya Big Star ilitoa albamu nzuri mno ambayo usambazaji mbovu uliizuia kufika madukani. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana nani aliuvumbua. Swali ni nani aliyeufufua mwishoni mwa miaka ya 70, wakati panki (roki ya kasi na ghadhabu) na wimbi jipya (new wave, mtindo uliofuata nyuma yake) vilipokuwa vinageuza meza.

The Nerves walikuwa watatu: Jack Lee kwenye gitaa, Peter Case kwenye besi, Paul Collins kwenye ngoma. Wote watatu walikuwa watunzi, na hapo ndipo uzito wao ulipo. Walianzia San Francisco, wakahamia Los Angeles. Hawakusubiri lebo, yaani kampuni ya muziki, iwaone. Santuri yao ya 1976 waliitoa wenyewe. Walipokosa pa kupigia, waliandaa maonyesho yao, na bendi za panki kama The Weirdos zikapata jukwaa humo humo. Mwaka 1977 wakaizunguka Marekani kwa gari. Mwaka 1978 bendi ikavunjika.

Sasa sikilizeni wimbo wa kwanza kwenye santuri ile, Hanging on the Telephone. Hakuna utangulizi. Sauti ya Jack Lee inaingia papo hapo, mtu yuko kwenye kibanda cha simu, anampigia mwanamke asiyepokea, na bendi inamfuata mbio kama imechelewa. Dakika 2 na sekunde kadhaa, basi. Bendi ya Blondie walipoupiga kwenye albamu yao ya Parallel Lines, 1978, waliongeza mlio wa simu mwanzoni, kisha mwimbaji wao Debbie Harry akaingia vile vile, kwa mwendo ule ule. Muundo hawakuugusa, kwa sababu haukuwa na cha kurekebishwa. Kwenye chati ya Uingereza ukafika namba 5. Na si huo peke yake: Will Anything Happen, kwenye albamu hiyo hiyo, nao ni wa Jack Lee. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku aliyopigiwa kuombwa wimbo, umeme na simu ya nyumbani kwake vilikuwa vinakaribia kukatwa. Mnaosema bendi hii haikufika popote, hebu fikirieni hali ya mtu huyu na mahali wimbo wake ulipofika.

Najua jibu litakalokuja: huo ni ushindi wa Blondie. Sawa, sauti ni yao na mauzo ni yao. Lakini mtazameni prodyuza. Mike Chapman, aliyeisimamia Parallel Lines, ndiye aliyeingia studio na The Knack mwaka uliofuata. Mtu huyo alishaona kwa macho yake kwamba wimbo mfupi, mkavu, wa gitaa, uliotoka kwenye vichochoro vya muziki vya California, unaweza kupanda chati. Sidai kwamba The Knack waliiga. Ninachosema ni kwamba njia walikuta imeshafyekwa.

The Knack siwadharau hata kidogo. My Sharona ilikaa namba 1 Marekani wiki 6, albamu ikakaa kileleni wiki 5, na ilirekodiwa kwa siku chache na kwa dola 18,000 hivi, fedha ndogo kabisa kwa kampuni kubwa kama Capitol. Mdundo ule wa ngoma mwanzoni mwa wimbo bado unasisimua. Ila angalieni kilichofuata. Kampuni zikakimbilia kusaini kila kundi la vijana waliovaa tai nyembamba kama wao, bila kuuliza kama wana nyimbo. Waandishi wakachoshwa na majigambo ya The Knack na mfanano wao wa kulazimisha na The Beatles. San Francisco kukaanzishwa hadi kampeni ya kuwapinga The Knack. Albamu ya pili, 1980, haikufika hata kumi bora. Haukupita muda nao wakavunjika. Mlango waliofungua wao ulifungwa kwa kishindo, na waliobamizwa na mlango huo ni bendi nyingi zilizokuwa na uwezo wa kweli.

Upande wa The Nerves, bendi ilikufa lakini kazi haikufa. Paul Collins akaunda The Beat, wakatoa albamu 1979 kupitia kampuni ya Columbia. Peter Case akaunda The Plimsouls, ambao A Million Miles Away yao mpaka leo inatajwa miongoni mwa nyimbo bora kabisa za aina hii. Na mwaka 1983 mwimbaji Mwingereza Paul Young akauchukua Come Back and Stay, tena wa Jack Lee, akafika nao namba 4 Uingereza. Bendi moja iliyovunjika ikazaa bendi mbili za maana na nyimbo zilizotajirisha wengine.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba muziki haujainuka mpaka umma uusikie, na umma uliusikia kupitia The Knack. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini tukiipokea, basi mtunzi hana nafasi yoyote kwenye historia, anabaki aliyeshika kipaza sauti tu.

Mnaosimama na The Knack, nitajieni wimbo wao mmoja, nje ya My Sharona, ambao msanii mwingine aliuchukua ukaingia 5 bora Uingereza. Wa Jack Lee nimeshawatajia wawili.