Hitmonlee au Hitmonchan? Nimekwama dojo

Kijana_Ngamiani
Shikamooni wakubwa. Nacheza Pokémon FireRed kwenye Game Boy Advance aliyoniachia kaka. Nimefika mji wa Saffron, makarateka wa dojo nimewapiga wote, sasa naambiwa nichague Pokémon mmoja tu wa zawadi: Hitmonlee wa mateke au Hitmonchan wa ngumi. Tangu juzi nawaangalia tu. Timu yangu Charizard, Pidgeot na Snorlax.

Fundi_Chumbageni
Marahaba. Chukua Lee, wala usihangaike. Shambulio 120, Chan 105. Mbio 87 kwa 76. Kweli Chan kamzidi ulinzi, 79 kwa 53, lakini ubovu wake uko kwingine. Kwenye FireRed ngumi zake za moto, barafu na umeme zinahesabiwa kwa shambulio maalumu, na lake ni 35. Thelathini na tano! Ukimpiga Blastoise, yule kobe wa maji, ngumi ya umeme, ni kama unabonyeza embe kujua limeiva au bado.

BintiRaskazone
Kaka Fundi malizia basi. Mwaka 2006, gemu za Diamond na Pearl zilipotoka, ngumi hizo zikahamia kwenye shambulio la kawaida, na Chan akapewa kipaji cha Iron Fist kinachoziongezea nguvu asilimia 20. Kwa hiyo anayemtukana Chan aseme ni Chan wa gemu gani. Wangu wa gemu ya HeartGold simpi mtu.

Kahawa_Chungu
Na huyo Lee mnamsifu bila kulitaja lile teke lake la kuruka. Likikosa anaumia mwenyewe. Mimi lilikosa mbele ya Lapras wa Lorelei, yule bingwa wa barafu kwenye ligi, nikazima gemu nikaenda zangu kuogelea.

Mtu_wa_Pangani
Mmemsahau Hitmontop, yule anayezunguka kwa kichwa kama wacheza capoeira. Shambulio 95, ulinzi 95. Tyrogue, mtoto wao wote watatu, akifika levo 20, shambulio likizidi anakuwa Lee, ulinzi ukizidi Chan, vikilingana ndiye huyo. Na akiingia tu uwanjani, kipaji chake cha Intimidate kinamshusha mpinzani shambulio.

Fundi_Chumbageni
Sasa Tyrogue wa FireRed si mpaka yai, na yai si mpaka umalize ligi uende visiwani? Mwenzio ana njaa leo, wewe wamwambia habari za mahindi ya msimu ujao.

Mtu_wa_Pangani
Nimesema tu jamani.

BintiRaskazone
Mdogo wangu, kwa gemu hiyo hata mimi nakwambia Lee. Ila ukitoka dojo usimwingize jimu ya jirani. Mkuu wake Sabrina anatumia Pokémon wa Psychic, yaani wa nguvu za akili, na wapiganaji wote hawa kwake ni mboga. Tanguliza Snorlax.

Kijana_Ngamiani
Dada, nimesoma hapa nikiwa nimeshaingia. Lee nimemchukua kweli. Alakazam kampiga mara moja tu, kalala chali. Mama kanituma mkaa, nikirudi anaingia Snorlax.