Mita 60 mbugani Bahi: tunapimia kutoka wapi?

Bonde la Kati (mtoa mada)
Wakuu, hoja inarudi kila watu wanapoanza kuandaa majaruba ya mpunga: vijiji viweke bikoni (nguzo za mpaka) za mita 60 kuizunguka mbuga ya Bahi, lile bonde la Dodoma linalojaa maji msimu wa mvua, na aliye ndani atoke. Naipinga, na si kwa sababu nataka mbuga yote ilimwe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, na bwawa. Ukingo wa mto Bubu, unaoleta maji mbugani, unauona kwa macho. Mbuga hii haina ukingo wa namna hiyo. Ni bapa, inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, huku jua likiweza kuvukiza zaidi ya milimita 2,000. Tuseme ardhi inainuka sentimita 10 kwa kila kilomita: maji yakipanda nusu mita, ukingo umehama kilomita 5. Sasa hizo mita 60 ni za Machi au za Oktoba?

Napendekeza mpaka ufuate udongo, mimea na marudio ya mafuriko, yaani maji hufika pale mara ngapi.

Afisa Kata
Mkuu, hilo zuri kwenye karatasi. Mtendaji wa kijiji ana futi kamba na mgambo wawili. Mita 60 mtu akibisha, unampimia mbele ya macho yake. Ukimwambia "marudio ya mafuriko", mwenye ng'ombe 300 atakuletea wazee watatu waape kwamba maji hayajawahi kufika pale. Kanuni isiyopimika kijijini ni zawadi kwa mwenye nguvu.

Mpima Maji
Inapimika, tena kwa vifaa vya bei ndogo. Ila wengi wanakosea, ngoja nieleze.

Nenda mwisho wa masika, Aprili au Mei, mimea ikiwa na maua. Vuta mstari kutoka nchi kavu kuingia mbugani. Kila mita 50 chimba shimo la sentimita 50, na kando yake weka fremu ya mita 1 kwa 1, ukadirie kila mmea umefunika asilimia ngapi. Shimoni unatafuta rangi ya kijivu na madoa ya kutu kando ya mizizi, dalili kwamba udongo ulikaa na maji mpaka ukakosa hewa. Tatizo la Bahi ni ule mfinyanzi mweusi: weusi huficha madoa, na penye magadi mengi madoa hutokea hafifu. Lowanisha donge, livunje kwa mkono, angalia ndani, usiangalie ukuta uliokwanguliwa kwa jembe. Shimo likikosa alama, mimea iamue: matete, yungiyungi, mpunga pori. Ndago usiihesabu, inaota hata kwenye shamba la mtama.

Kuhusu mafuriko, hatuhitaji wazee wa kuapa. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu miaka ya 1980, kila seli (kijiraba cha picha) mita 30. Sentinel-2 ni mita 10, kila siku 5 wingu likiruhusu. Unahesabu kila seli ilikuwa na maji miaka mingapi kati ya yote yenye picha. Mitego ni miwili: maji yaliyo chini ya matete setilaiti inayaona kama majani, na jaruba lililojazwa maji inaliona kama mbuga. Ndiyo maana mashimo hayakwepeki.

Halafu kuna kosa la kutumia alama za TARISS hapa. Kipimo hicho cha wadudu wa maji kilitengenezwa kwa mito inayotiririka. Kwenye maji yaliyotuama utapata mende wa maji, mabuu ya kereng'ende na viluwiluwi vya mbu, na alama zitakuwa chini hata kama mbuga ni nzima kabisa. Linganisha dimbwi na dimbwi lenzake lisiloguswa. Oksijeni nayo ipime alfajiri na alasiri. Anayepima saa sita mchana peke yake anapima kazi ya jua kwenye mwani.

Jaruba
Mnaongea kama vile mpunga ndio adui. Jaruba ni la msimu, je, ni shughuli ya kudumu? Kinachoua mbuga ni mtaro wa kutoa maji, tuta linaloziba mkondo, na dawa zinazopuliziwa pembeni ya madimbwi. Kataza hivyo vitatu hata mita 600, hakuna mkulima mwenye akili atakayelia.

Bonde la Kati
Ndugu Jaruba, hapo tuko pamoja. Ongeza la nne: kuchimba lambo katikati ya mbuga na kuliita uhifadhi. Madimbwi ya msimu ya kanda hii yana samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius. Wanataga kwenye tope, wanakufa dimbwi likikauka, na mayai yanasubiri mvua. Dimbwi likishikilia maji mwaka mzima, kambale wanahamia na hao wadogo wanaliwa. Lambo la mifugo lichimbwe nje ya mpaka.

Afisa Kata
Sawa, tuseme mpaka umepatikana. Utauonyeshaje? Bikoni zinang'olewa.

Mpima Maji
Nyingine haziguswi na mtu. Mfinyanzi huu unapasuka kiangazi na kuvimba masika, bikoni fupi inalala upande yenyewe. Zamisha mita 1.5, kitako kiwe kipana kuliko shina, na chukua nukta ya GPS ili ikipotea irudishwe palepale. Uzio wa minyaa ni rahisi zaidi, ila uwe upande wa nchi kavu, maana ukituamiwa na maji mizizi inaoza.

Jaruba
Na bwawa la Farkwa je? Mnagombania ukingo huku bwawa hilo linapangwa kwenye mto Bubu, kule juu Chemba, kwa ajili ya maji ya Dodoma mjini.

Bonde la Kati
Hilo ni kubwa kuliko bikoni zote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya watu na kwa viumbe wa majini. Lakini kufungulia maji kidogo kidogo mwaka mzima hakutaisaidia Bahi. Mto wa mchanga utayanywa njiani. Mbuga inahitaji mafuriko ya siku chache, yanayofika na tope lake. Kwa hiyo lango la chini la bwawa lazima liwe na ukubwa wa kupitisha wimbi hilo, na hilo huamuliwa kwenye michoro. Zege likishamwagwa, kupanua lango ni gharama ambayo hakuna atakayeikubali.

Afisa Kata
Naafiki la lango. La mpaka bado: wakati mashimo yanachimbwa, mita 60 kutoka kingo za Bubu ziendelee, na mitaro mipya isimamishwe mbuga nzima.

Jaruba
Mitaro mipya sawa. Ya zamani nani ataifukia?