Re: LESENI YA UVUVI – tumelipishwa bei ya mgeni

Mama Neema, Houston: Wapendwa, hamjambo. Tumehamia hapa kutoka Ohio mwezi wa kumi. DL (leseni ya udereva) ya Texas ninayo, mkataba wa nyumba ninao, EAD (kibali cha kazi) ya mume ni mpya. Jana tumekwenda kukata leseni tuwahi Fayette, lile ziwa linalopashwa joto na mtambo wa umeme, kabla baridi haijaisha. Binti wa kaunta kaangalia tarehe ya DL, kasema sisi si wakazi. Mume kalipa tu, chambo kilishanunuliwa. Ile miezi sita ya kukaa Texas ndipo uitwe mkazi inahesabiwa tangu mkataba au tangu DL? Na tofauti ya pesa inarudishwa?

Baba Imani, Katy: Pole dada. Mimi walinigomea kwa ajili ya SSN (namba ya Social Security), nikazungushwa mpaka machozi. Leseni ya nini? Ingieni hifadhi ya jimbo, humo mnavua bila leseni.

Mzee wa Ndoano: Baba Imani, usimponze mama wa watu! Hifadhi za jimbo sawa, ila Fayette si mojawapo. Zile bustani mbili pale ni za LCRA (mamlaka ya Mto Colorado wa Texas), leseni lazima. Na samaki besi (bass) wa inchi 14 hadi 24 anarudishwa majini, askari wao wa wanyamapori akikukuta naye ni faini. Halafu leseni ya mwaka inakufa 31 Agosti hata ukiikata leo, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Baba Imani: Nilisema hifadhi za jimbo, sikusema Fayette. Soma.

Mzee wa Ndoano: Nimesoma. Yeye kauliza Fayette.

Jaluo wa Dallas: Fairfield nayo ilikuwa hifadhi ya jimbo yenye maji moto. Mtambo wa makaa ulizimwa 2018, ardhi ikauzwa 2023, geti likafungwa. Matajiri! Dada, mkifika Fayette msihangaike katikati ya ziwa. Tafuteni yanapotokea maji yaliyopoza mtambo. Asubuhi ya baridi utaona mvuke umelala juu ya maji. Dagaa wao wanajazana hapo na besi wako nyuma yao. Mtambo ukiwa umepumzika, maji yanapoa, mtarudi na njaa. Wakenya besi tunamjua, aliletwa Ziwa Naivasha 1929.

Dada Sophy, San Antonio: Besi mwachieni Mzungu na picha zake. Njooni ziwa Calaveras huku kwetu, kuna perege! Baridi ya Januari ingewaua, yale maji ya mtambo ndiyo yanawaweka hai. Ila ukimtoa tu, mpasue utumbo hapo hapo, kumweka akiwa hai ni kosa. Mimi nilimkaanga mkavu, nikamtia nazi na ndimu, mwanangu akauliza mbona bibi hakuwahi kutuma hii. Nililia jikoni kama mjinga.

Mzee wa Ndoano: Perege si sato, tusidanganyane. Sato ni wa Mwanza.

Dada Sophy: Ukila kwangu utanyamaza.

Baba Imani: Hawa wana umeme mpaka wa kupashia samaki maji, sisi kule Bongo tulikaa na mgao wa umeme miaka nenda rudi.

Jaluo wa Dallas: Na huku Februari 2021, baridi ilipokata umeme, je? Siku nne nimelala na koti, maji kwenye bomba barafu. Usiwasifie sana.

Baba Imani: Siku nne! Wewe hukuwa Dar 2006, ndugu yangu.

Dada Sophy: Siasa pelekeni WhatsApp. Jumamosi nani anakuja Calaveras? Aniletee pilipili mbuzi kutoka lile duka la Wanaijeria la Houston.