Nairobi mpaka Nungwi kwa gari Disemba, tunavukia Lunga Lunga. Nimesahau nini?

mama_wawili_ruaka

Hamjambo wadau. Naomba mnisaidie juu nimesoma huku na kule mpaka kichwa imejaa. Tunataka kushuka likizo ya Disemba, mimi, mzee na watoto wawili (9 na 4). Tunatoka Nairobi tarehe 17, tunalala Mombasa kwa dadangu usiku mbili, tarehe 19 asubuhi tuvuke Lunga Lunga, tulale Tanga, kesho yake Dar, gari tuiache kwa binamu ya mzee huko Mbezi halafu tupande boti Unguja, siku tano Nungwi. Kurudi ni njia hiyo hiyo.

Paspoti tukonazo zote nne na ziko na zaidi ya mwaka. Visa najua hatuhitaji. Yelo kadi pia si shida, broka wetu wa bima amesema anatuletea wiki hii kwa hivyo hiyo nimeshatiki. Gari ni ya mzee lakini bado analipia loni, kwa logbuku jina la benki liko pamoja na lake, sisi tukona nakala tu. Hiyo inaweza leta shida? Na pesa, nibadilishe hapa Nairobi ama nibadilishe mpakani na wale vijana? Na watoto nipee dawa gani ya malaria, huyu mdogo hajawahi toka Nairobi hata siku moja. Leo ni tarehe 3 na mzee anasema nina wasiwasi bure.

utingo_mstaafu

Dada karibu sana Tanga, ila hapo kwenye yelo kadi nimesoma mara mbili. Broka wa bima ndiyo anakuletea yelo kadi? Basi huyo anakuletea ya GARI. Hizo kadi ni mbili na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza ni ile ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ni bima, ukimgonga mtu nje ya nchi yako ndiyo inamlipa, na Tanzania japo ilijitoa COMESA mwaka 2000 kadi yenyewe huku inatambulika, kwa hiyo hiyo mnaihitaji kweli. Ya pili ni ya mwili, ya chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya huo ugonjwa kwa hiyo kuanzia mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa awe nayo akiingia huku. Huwezi kumuonyesha mtu wa afya bima ya gari ukamwambia na mimi nimo humo.

Na chanjo inahesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kudungwa. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mimi 2018 nilikuwa na safari ya kusini na jamaa zangu watatu, wenzangu walikuwa na kadi za zamani, mimi yangu ilipotea nikajifanya mjanja nikachanja siku ya Jumatatu, Ijumaa tuko mpakani. Yule mama wa afya wala hakunigombeza. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye tarehe, akaanza kuhesabu kwa sauti kama anamfundisha mtoto, moja, mbili, tatu, nne. Akafunga. Akaniuliza "unaona mwenyewe?" Nikaona. Wenzangu wakavuka, mimi nikakaa gesti siku sita nakula chipsi mayai mpaka muuza chipsi akawa ananiita kwa jina.

Kwa hiyo mkichanja kesho tarehe 4, tarehe 19 mko salama. Mkingoja wiki ijayo katikati mnaanza kucheza kamari. Uzuri ni kwamba tangu 2016 kadi ni ya maisha, ukichanja umechanja, kwa hiyo angalieni kwanza kama mzee hana ya zamani kwenye droo, hata kama ndani imeandikwa inaisha baada ya miaka 10 bado ni halali. Kama kuna mtu ana tatizo la kinga ya mwili au mjamzito aongee na daktari kabla, hiyo chanjo ina kirusi hai.

mama_wawili_ruaka

Ngai. Nimesoma hii nikakaa chini. Kwa hivyo huyo broka tulikuwa tunaongea vitu mbili tofauti na kila mtu ameridhika?

utingo_mstaafu

Ndiyo hivyo dada. Na yeye hana kosa, yeye anauza bima.

mkorogwe

Nimeendesha malori njia hiyo miaka kadhaa, sasa niongee ya gari maana ya miili utingo hapo juu kamaliza.

Hiyo ya benki ni kitu cha kwanza kushughulikia, tena leo, maana benki Disemba wanajua kusema "njoo Jumatatu". Jina la benki likiwa kwenye logbuku maana yake gari siyo lenu peke yenu, na forodha wanataka kujua mwenye mali karuhusu litoke nchini. Ombeni barua ya ruhusa kutoka benki, yenye namba ya gari, namba ya chesisi, jina la shemeji na paspoti yake, nchi mnayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Ikiwa na mhuri wa wakili ni bora zaidi. Mbebe na nakala ya logbuku iliyothibitishwa na benki. Toeni kopi tatu tatu za kila kitu, kutafuta mashine ya kopi mpakani na watoto wanalia kwenye jua ni adhabu.

Mkivuka msisimame Lunga Lunga kwa muda mrefu mkidhani mnaanza huko, mpaka ule ni wa kituo kimoja, mnapitiliza mpaka jengo la Horohoro, uhamiaji wa Kenya na wa Tanzania mnawakuta humo humo. Halafu dereva anakwenda dirisha la forodha kuchukua kibali cha muda cha gari. Hapo someni tarehe ya mwisho iliyoandikwa KABLA hamjatoka dirishani. Wakiwaandikia siku chache kuliko safari yenu semeni hapo hapo, ukishafika Dar hakuna wa kumlilia. Gari likizidisha siku ni faini, na gari lenyewe msimuachie binamu aendeshe mkiwa Unguja, kibali ni cha shemeji. Binamu atataka kuliendesha tu, namjua binamu bila kumjua, chukueni funguo muende nazo.

Barabarani: pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, kisanduku cha huduma ya kwanza. Na spidi 50. Hii 50 iandikeni kwenye dashibodi. Kila kijiji kina kibao cha 50 na mwisho wa kijiji kuna 50 iliyokatwa mstari, katikati hapo hata kama hamna nyumba, hamna mtu, hamna kuku, ni 50. Trafiki wa huku wanavaa nyeupe, mmoja anakaa mbali na kamera anatuma picha mbele, ukifika unaonyeshwa gari lako kwenye simu na spidi yake. Faini ni 30,000 kwa kosa, mwambie akupe control namba (namba ya malipo ya serikali) ulipe upate risiti. Na kwenye kivuko cha pundamilia, mtu akiweka mguu tu simama, siyo kama Thika Road.

Horohoro mpaka Tanga ni lami, kama kilomita 65, hamtachoka. Mapango ya Amboni yako njia hiyo hiyo kabla ya kuingia mjini, watoto watafurahi. Kesho yake Tanga mpaka Dar ni kama 350 kupitia Segera na Chalinze, msidanganyike na kilomita, kuanzia Chalinze malori yanakuwa mengi. Tokeni alfajiri. Muheza nunueni machungwa.

bongo_kwa_basi

Kwa mtazamo wangu acheni gari kwa dada yenu Mombasa. Barua ya benki, yelo kadi ya COMESA, kibali, 50, trafiki, yote hayo ili gari likalale Mbezi siku tano? Mombasa Dar mabasi yapo kila siku, mpakani mnashuka mnagonga mihuri mnapanda. Cha kuangalia ni msizubae mnabadilisha hela wakati wenzenu wamemaliza, kondakta ana abiria 50 hakusubiri wewe.

mkorogwe

Na watoto wawili na mabegi ya mama mwenye watoto wawili? Wewe umeoa?

bongo_kwa_basi

Sijaoa 😂 nimeondoka kwenye mada

dawa_mseto

Mimi ni mfamasia (Muheza). Kuhusu malaria, kwanza jueni hamuifuati Tanzania, mtaikuta kuanzia Pwani yenu wenyewe, kwa hiyo dawa ya kuzuia inaanza kabla hamjafika Mombasa siyo kabla ya mpaka. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga yoyote, wanaweza kuumwa vibaya kwa haraka kuliko mtoto wa hapa kwetu.

Doksisaikilini mtoto wa chini ya miaka 8 hapewi, kwa hiyo huyo wa miaka 4 hapana. Kuna ile ya atovakwoni na proguanili, inaanza siku moja au mbili kabla, kila siku mkiwa safarini, na mnaendelea siku 7 baada ya kurudi, za watoto zinapimwa kwa kilo. Nendeni kwa daktari na kilo za watoto mkononi, siyo kwa kukisia. Watu wanaacha dawa siku wanayofika nyumbani, hapo ndipo kazi inaharibika.

Unguja malaria imeshuka sana ukilinganisha na bara, lakini mnalala Tanga na Dar, kwa hiyo chandarua na dawa ya kupaka kuanzia jioni. Mchana nako kuna mbu wa homa ya dengi, Dar na Mombasa zote zimeshapata milipuko. Ndiyo maana homa ikianza safarini mpe parasetamoli, msimpe aspirini wala ibuprofeni mpaka apimwe. Na mkisharudi Ruaka mtoto akichemka ndani ya miezi mitatu, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba mlikuwa Pwani, maana Nairobi wengine wataanza na mafua. Huku mkisikia "mseto" ndiyo ile AL yenu, dawa ya kutibu malaria.

Ongezeni pakiti za ORS, ile ya kuchanganya na maji mtu akiharisha. Maembe ya Disemba na matumbo ya wageni hayaelewani.

mtu_wa_mkunazini

Karibuni Unguja. Mie nachangia machache.

Paspoti msiziache kwenye gari Mbezi mkidhani mshaingia Tanzania basi. Bandarini Malindi mgeni anaangaliwa paspoti tena, ijapokuwa mmetoka Dar. Wapo waliorudi na boti ya jioni kwa hilo. Na tangu Oktoba 2024 kuna bima ya wageni wa Zanzibar ya dola 44, ingieni kwenye tovuti ya serikali mkiwa bado nyumbani muone pasi zenu zinaingia kundi gani, mambo ya mtandao wa bandarini mie siyasemei.

Nungwi mmechagua vyema kwa watoto, huko bahari haitoki mbali. Paje na Jambiani ni pazuri lakini ikipwa, khasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), maji mnayaona kule mbali na mbele yenu ni mchanga na wanawake wanalima mwani. Mkitaka kwenda huko matembezi ya siku moja ulizeni saa za kujaa kwanza. Watoto wavae viatu vya maji popote penye mawe, kuna wale wadudu wa baharini wa miiba mieusi, ukikanyaga hiyo likizo ushaijua.

Mjini dada jifunge kanga, kwenu mnaita leso, au gauni la kufunika magoti na mabega. Kule Nungwi ufukweni ni mambo yenu, lakini ukitoka hotelini kwenda dukani kijijini, jisitiri. Watu hawatakwambia kitu, wataangalia chini tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mifuko ya plastiki toeni kwenye mabegi, huku marufuku toka zamani na bara toka Juni 2019. Viatu vya matope fungeni kwenye kitambaa.

Pesa: ya kwenu moja ni kama 19 au 20 ya huku, kwa hivyo bei yoyote gawa kwa 20 kichwani usije ukazimia ukisikia samaki elfu 30. Mpakani badilisha kidogo tu ya chakula na mafuta, tena hesabu wewe wa mwisho, yule kijana akishakuhesabia akazichukua tena "aongeze" basi mwambie akurudishie zako. Zilizobaki toa kwenye mashine ya benki Tanga. M-Pesa ya kwenu na ya huku jina moja, mifumo miwili, Lipa Namba ya dukani siyo till yenu. Laini mtasajiliwa kwa paspoti na alama za vidole, dukani kabisa, msinunue kwa mtu wa barabarani iliyosajiliwa kwa jina la marehemu.

mama_wawili_ruaka

Asanteni sana sana, nimerudi na ripoti. Nilipigia broka, nikamwuliza hiyo yelo kadi ni ya nini, akasema "ya gari madam, kwani ulidhani ni ya nini?" Nikakata simu.

Mzee tulitafuta kwa droo, yake ya 2012 alipoenda Juba iko, imeandikwa iliisha 2022, kwa hivyo kumbe yuko sawa na amefurahi kama ameshinda kura. Mimi na watoto tumedungwa jana tarehe 4, kadi ziko na mhuri. Huyo mdogo nilikuwa nimemwambia tunaenda kununua aiskrimu, sasa hataki kuingia kwa gari tena mpaka nimwambie tunaenda wapi na nimuapie.

Benki wamesema barua ni siku tano za kazi. Nimeomba waandike tarehe 17 mpaka tarehe 2, nimeongeza siku kidogo. Na funguo tutaenda nazo Unguja, hiyo ya binamu mzee alicheka sana kisha akanyamaza, nikajua kuna kitu alikuwa ameshaahidi.

mkorogwe

😂😂 Nilijua.